Mvumo kwenye Amplifaya ya Valvu na Gramafoni: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Kipi Kingoje

Mkaazi wa Lamu anayesikiliza santuri kwa amplifaya ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) ana maadui wawili wa kudumu: hewa ya chumvi, ambayo hula kila kiungo cha chuma, na nyaya za umeme zilizotiwa katika nyumba za mawe muda mrefu baada ya kuta kujengwa, mara nyingi bila arthi (waya wa usalama unaoingia ardhini) ya kuaminika. Mvumo ukianza, wengi hukimbilia kununua valvu mpya kwa sababu ndiyo inayoonekana ikiwaka. Mimi naona huo ni upotevu wa fedha, na kwa hiyo nimevipanga vifaa kwa kutanguliza kile chenye uwezekano mkubwa wa kuondoa tatizo kwa gharama ndogo.

Kabla ya kununua chochote, mvumo wenyewe usikilizwe. Teremsha sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kimo ndani ya amplifaya, katika sehemu ya umeme au katika valvu za mwisho. Ukipungua pamoja na sauti, geuza swichi kutoka upande wa santuri hadi upande wa redio, na ukitoweka hapo, tatizo liko kwenye gramafoni, nyaya zake au priamplifaya (kikuzaji cha awali cha sauti ya santuri). Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, na mvumo mnene wa hezi 50 kwa kawaida huingia kupitia nyaya na arthi, ilhali mlio mkavu wenye makali, wa hezi 100, mara nyingi hutokana na kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) za kuchuja umeme zilizochoka. Mikwaruzo ya santuri kongwe, kama zile za mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, imo katika santuri yenyewe, na hakuna kifaa katika orodha hii kitakachoiondoa.

Nafasi ya kwanza naipa waya wa arthi wa gramafoni pamoja na dawa ya kunyunyizia ya kusafishia viungo vya umeme. Katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya kawaida ya aina ya MM, yaani yenye sumaku inayosogea, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na priamplifaya huzikuza takriban mara 100. Tena besi hupunguzwa santuri inapokatwa na kurudishwa inapochezwa, kwa kufuata kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, na katika hezi 50 nyongeza hiyo hukaribia desibeli 17 ikilinganishwa na hezi 1,000. Mvumo mdogo kabisa unaopenya karibu na sindano hufika kwenye spika ukiwa mkubwa. Waya mwembamba unaotoka kwenye gramafoni hadi skrubu ya arthi ya amplifaya ndio unaouzuia, nao ukilegea au ukishika kutu, mvumo huanza mara moja. Mita mbili za waya laini wa shaba huuzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme, na kopo moja la dawa hutosha muda mrefu: safisha plagi za nyaya za sauti, vipini vinne vya katriji na miguu ya valvu, mashine ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa. Pwani kazi hii irudiwe mara kwa mara, kwa kuwa chumvi hairudi nyuma.

Hapa pana hatari ambayo ni lazima niiseme waziwazi. Wapo watu wanaokata arthi ya plagi ya ukutani ili mvumo unyamaze, na mara nyingine hunyamaza kweli. Lakini transfoma ikiharibika siku hiyo, bodi ya chuma ya amplifaya hubeba volti 240 na mtu anayeigusa anaweza kufa. Ikiwa nyumba haina arthi nzuri, fedha za kwanza ziende kwa fundi wa umeme mwenye leseni.

Nafasi ya pili ni nyaya za sauti zenye ngao kamili ya shaba. Chagua fupi, mita moja au chini yake, kwa sababu katriji nyingi za MM hutaka jumla ya uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 100 hadi 200, na waya mrefu huzidisha kiasi hicho na kubadilisha sauti nyembamba. Zisilazwe sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana nao, zivuke kwa kukatiza.

Ya tatu ni priamplifaya ya santuri iliyo peke yake katika boksi la chuma. Inafaa pale ambapo ile ya ndani imekaa karibu na transfoma kubwa ya amplifaya, au pale ambapo amplifaya haina kabisa mlango wa santuri. Faida yake ni kwamba unaweza kuisogeza mbali na transfoma huku ukisikiliza, mpaka upate mahali palipo kimya.

Valvu zinakuja nafasi ya nne. Sauti ya kuchacharika, au mlio unaosikika ukiigonga valvu polepole kwa penseli, ni dalili yake halisi. Zima mashine, badilisha nafasi za valvu ya kulia na ya kushoto, kisha uwashe: kasoro ikihama upande, valvu ndiyo yenye hatia. Nunua ECC83 (aina ya valvu ndogo ya kukuza sauti) iliyochaguliwa kwa utulivu, ya chapa ya JJ au Electro-Harmonix, na kwa hatua ya kwanza ya ukuzaji peke yake, badala ya seti nzima. Usikubali kuuziwa ECC88 kwa hoja kwamba ina miguu tisa vilevile; nyaya zake za joto zimepangwa tofauti.

Kapasita ni za tano, isipokuwa kama jaribio la mwanzo lilionyesha mlio wa hezi 100, ambapo hupanda hadi juu kabisa. Chagua zenye kipimo cha nyuzi 105 badala ya 85, kwa kuwa umri wa kapasita hupungua kwa takriban nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, na zenye volti zisizopungua zile za awali. Kazi hii ni ya fundi: ndani mna volti 300 na zaidi, na hubaki hata baada ya plagi kuchomolewa.

Stabilaiza nimeiweka mwisho. Hulinda amplifaya dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, jambo lenye faida yake, lakini haiondoi mvumo wa arthi. Kwa nyumba za Shela au Malindi zinazotumia sola, jambo la kuangaliwa ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa ukutani: inunuliwe ile yenye wimbi kamili la sini, kwa sababu zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi hutia mlio mkali ambao hakuna waya wala valvu itakayouzima.