Starlet zinaisha: gari dogo lipi la kununua Arusha na Moshi

Uzalishaji wa Toyota Starlet ya zamani, ya Kijapani, ulikoma mwaka 1999, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 25. Zilizobaki barabarani zinapungua tu: moja inachinjwa ili nyingine ipate mlango, taa au giaboksi. Ndiyo maana tumepanga magari haya kwa swali moja: miaka mitano ijayo, spea utazitoa wapi?

1. Toyota IST ya toleo la kwanza (2002–2007). Hii ndiyo chaguo letu bila kusita. Zipo nyingi mno, na kila fundi kuanzia Sakina hadi Majengo anazijua. Kama unapanda Kibosho au Marangu kila siku, tafuta injini ya 1NZ, cc 1500. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi. Kwa mizunguko ya mjini, 2NZ ya cc 1300 inatosha.

Zote mbili zinatumia cheni, na zinachukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Kinachoziua ni oili kutobadilishwa kwa wakati. Ringi zinaganda kwa masizi, injini inaanza kula oili, na kwa kuwa kikazio cha cheni kinasukumwa na presha ya oili, kiwango kikishuka cheni inapiga kelele asubuhi. Fika kabla muuzaji hajaliwasha gari, usikilize cheni injini ikiwa baridi. Kisha teremka mlima mrefu kwa gia nzito bila kukanyaga mafuta, halafu kanyaga ghafla: moshi wa bluu ukitoka nyuma, sili za valvu zimechoka.

Gari likishapata moto, kanyaga breki, weka R, kisha D. Likichelewa zaidi ya sekunde mbili au likishtuka, achana nalo. Oili ya giaboksi iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha.

2. Vitz. Ukaguzi ni uleule. Baadhi ya zile za kuanzia 2005 zina CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo inataka oili yake maalumu. Ukiwekewa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, umeiua.

3. Passo ya cc 1000. Inabana mafuta vizuri. Lakini ina silinda tatu, na ikiwa na watu wanne mlimani inahema. Angalia alama za kulanti iliyokauka kwenye pampu ya maji.

4. Starlet. Inunue kwa sababu ya bodi, si injini. Injini ya 4E inatengenezeka. Sakafu iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Inua kapeti la miguuni na ubonyeze bati kwa bisibisi, halafu kagua juu ya shokapu za mbele. Inatumia mkanda wa taiming: kama muuzaji hana kumbukumbu, hesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Namba C au D inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si mwaka lilipotengenezwa. Mwaka usome kwenye kadi. Linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, kagua madeni ya trafiki, na usimalize malipo kabla muuzaji hajatoa TIN yake na kusaini mkataba wa kubadilisha umiliki.