Jicho la Pac-Man limetoka nje, fundi ananiuliza nani ataliona

Nilisema sitaandika nikiwa na hasira. Nimengoja, haijapungua.

Nina kabati la gemu la Pac-Man, lile la manjano la kampuni ya Midway. Nililikuta na stika za vinaili ubavuni, zimevimba mapovu. Nikazibandua, nikapiga msasa, nikaziba mashimo, nikapaka manjano upya tabaka kwa tabaka, wiki baada ya wiki. Stika sitaki tena, zinang'aa kama kifuniko cha ndoo. Wino wa skrini, ule unaosukumwa kupita wavu uliokazwa kwenye fremu, unakaa juu ya rangi, ukipitisha kidole unausikia. Nikatoa kioo na nyaya zote, nikampelekea mchapaji kabati likiwa tupu, achape picha mbavuni.

Kazi hii kila rangi ina skrini yake. Moja ikihama kidogo tu, umekwisha, maana kabati si fulana useme utachukua nyingine. Ndiyo sababu fundi makini huchapa kwanza kwenye karatasi angavu ya plastiki, akailaza juu ya ubao, akalinganisha, ndipo achape penyewe. Yeye? Nyeusi, rangi ya mwisho, yenye mistari yote ya kuzungushia, imetua pembeni kwa upana wa punje ya mchele. Jicho limetoka nje kama la mtu aliyekula ngumi.

Nikamwonyesha. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Bosi, nani atasogea karibu hivyo?"

Mimi! Mimi niliyepiga msasa!

Akaongeza, "Hata za kiwandani zilikuwa hivyo."

Kinachoniuma ni kwamba hakudanganya sana. Zile za 1980 picha zilipulizwa kwa stensili, kiolezo kilichotobolewa, na zilizobaki ukizitazama kingo zina ukungu wa rangi. Lakini yeye hakuwa anaiga kiwanda. Alikuwa na haraka, basi.

Nyota moja. Hapo ndipo nilipokuwa jana. Leo nimeumulika ubavu wa pili kwa tochi: umekaa sawasawa, nyeusi imefunika kila ukingo, wino mzito, hakuna hata kitundu cha sindano. Kumbe anajua! Na hilo ndilo linalonizidishia hasira.

Haya, nyota tatu. Ubavu mbovu nimeugeuzia ukutani. Nikiamua kuurudia, nadhani nitampelekea huyohuyo, ila safari hiyo nitasimama palepale, na simu yake nitaishika mimi.