Bastola za Glock 17 na Colt 1911: tofauti iko kwenye kifyatulio
Wapenzi wa Colt 1911, kazi ya mbunifu wa silaha John Browning, hawaambiliki, na kwa upande wa kifyatulio nawaunga mkono. Ukishaikoki, yaani kuvuta nyundo yake nyuma, kifyatulio kinarudi nyuma moja kwa moja, safari fupi, kisha kinaachia risasi ghafla bila mkono kuyumba. Ila bastola yenyewe ni chuma kitupu, zaidi ya kilo 1, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 7 tu.

Glock 17 ya Austria ina fremu ya plastiki na risasi 17. Kifyatulio chake kina safari ndefu kidogo, na kizuizi cha usalama kimo humo humo. Hakuna swichi ya usalama ya kidole gumba.

Kwa shabaha, 1911. Kwa kujilinda nachagua Glock, mradi kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua kupiga.