Basi la kuunganisha kwenye stesheni ya mwisho: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Nyota moja kwa basi. Treni ningeipa nne bila kusita, na hapo ndipo uchungu ulipo. Reli imevuka mpaka wa jiji ikaingia kaunti ya pembezoni, treni inakuja kila baada ya dakika 20, mabehewa ni safi, watu wanapata pa kukaa. Kisha unashuka stesheni ya mwisho na mambo yanaharibika mlangoni, kwa sababu kutoka pale unakabidhiwa kwa basi la kaunti, na basi la kaunti halina habari nawe.

Jioni moja hivi karibuni treni ilifika kwa wakati. Nasisitiza: kwa wakati. Ratiba ilitupa dakika 2 za kubadilisha. Kundi zima la abiria lilikuwa bado linashuka ngazi pale dereva alipofunga mlango. Mama mmoja mtu mzima, ambaye behewa lake lilisimama karibu na ngazi na hivyo akatutangulia, aligonga kioo: "Mwanangu, tufungulie, wenzetu wanakuja." Dereva akamwonyesha saa ya mkononi, akaondoa gari. Msimamizi wa kituo alikuwa amesimama palepale, redio ya mawasiliano mkononi. Badala ya kumpa pole akamwambia: "Mama, ninyi ni abiria wa treni. Mkalalamike kwa watu wa treni."

Kauli hiyo imenikaa rohoni. Mtu amelipa nauli, mkono wake uko kwenye kioo cha basi, na anaambiwa yeye si wa hapo.

Tuanze na zile dakika 2, maana aliyezipanga hajawahi kutembea njia ile. Kutoka katikati ya jukwaa hadi mlango wa basi ni kama mita 180. Mtu mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 150, yaani dakika 2 na nusu, na hapo ngazi ziwe tupu. Mzee, au mzazi anayemshika mtoto mkono, huenda kama mita 0.8 kwa sekunde: sekunde 225, karibu dakika 4. Anayetumia kiti cha magurudumu anasubiri lifti, na lifti ikijaa mara ya kwanza, muda unazidi kurefuka. Kwa stesheni hii kipimo cha haki ni dakika 5. Dakika 2 ni unganisho la kwenye karatasi.

Na mita 180 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye maegesho. Gari moja lililoegeshwa, ukijumlisha na njia ya kupitia na kugeuzia, linahitaji kama mita 30 za mraba. Nafasi 500 ni mita za mraba 15,000, hekta moja na nusu, na zote zimewekwa mbele ya lango. Basi limesukumwa nyuma yake. Mengi ya magari hayo huja na mtu mmoja, kwa hiyo abiria wa hekta yote ile wanaenea kwenye treni moja tu. Mwacheni mwenye gari ndiye atembee. Kituo cha basi kikiwekwa mlangoni, dakika 2 zinaokolewa bila kumwaga zege lolote kubwa.

Lakini hata kituo kikisogezwa, basi hili litaendelea kupishana na treni, na hapa nawaomba mnivumilie na hesabu. Njia yake ni dakika 22 kwenda na 22 kurudi. Ongeza dakika 8 za kupumulia, 4 kila upande, unapata mzunguko wa dakika 52. Mabasi ni mawili, kwa hiyo basi linaondoka kila baada ya dakika 26. Treni inafika kila baada ya dakika 20. Namba hizo mbili haziwezi kuoana. Treni ya saa 11:00 jioni inakuta basi la 11:02, yaani hailikuti. Ya 11:20 inapata basi la 11:28, vizuri kabisa. Ya 11:40 inasubiri hadi 11:54. Ya 12:00 inasubiri dakika 20 nzima, na ya 12:20 inaingia dakika ileile basi linapoondoka, hivyo watu wake wanakaa hadi 12:46. Hakuna saa inayofanana na nyingine, na hakuna abiria anayeweza kuikariri ratiba ya namna hiyo. Mtu akiachwa mara mbili tatu ananunua gari, kisha kaunti inasema watu wa huku hawapendi mabasi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuongeza basi la tatu na kuurefusha mzunguko hadi dakika 60: gawanya kwa 3, unapata 20, na madereva wanapumua. Hiyo ni gharama ya gari na ya watu wa kuliendesha kutwa. Ya pili ndiyo ningeichagua mimi. Katikati ya njia, basi linaacha barabara kuu, linaingia kwenye maegesho ya maduka makubwa, linazunguka, linatoka. Mchepuko huo unakula dakika 6 kwenda na 6 kurudi. Uondoeni. Njia inakuwa dakika 16 kila upande, mzunguko unakuwa 40 pamoja na zile 8 za kupumulia, na mabasi mawili yaleyale yanatosha kuondoka kila baada ya dakika 20. Wenye maduka watapiga kelele, na wateja wao watatembea kutoka barabarani, kwa hiyo lazima ijengwe njia ya waenda kwa miguu, kitu ambacho viunga vingi vimejengwa bila kukifikiria. Lakini njia ya miguu hujengwa mara moja, ilhali dereva hulipwa kila siku.

Waswisi walilielewa jambo hili zamani. Tangu 1982 treni zao hupita dakika zilezile kila saa, na Desemba 2004 safari ya Zürich hadi Bern ilishushwa hadi dakika 56. Kwa nini 56? Kwa sababu ikiwa chini ya saa moja, treni inaingia kila mji kabla ya saa kamili, watu wanabadilisha, kisha vyombo vyote vinaondoka kwa pamoja. Kasi waliyoitafuta ni ile iliyotosha kuwakutanisha abiria, basi.

Kuhusu dereva, nilipanga kumlaumu moja kwa moja, lakini haki inanizuia kidogo. Zile dakika 4 za kupumulia mwisho wa njia ndizo za kwenda msalani, za kunywa maji na za kufidia foleni. Akitusubiri dakika 3, zinatoka mfukoni mwake. Tena kampuni za mabasi kwa kawaida hupimwa kwa basi kuondoka kwa wakati, na hakuna safu kwenye fomu ya kuandika watu walioachwa wakikimbia. Kwa fomu hiyo, jioni ile ilikuwa ya mafanikio. Kwa hiyo sawa, nyota mbili, na lawama ziende kwa aliyetunga kipimo.

Ila hapana. Kipimo hichohicho, jinsi kinavyotumika kwenye mikataba mingi, huhesabu basi limewahi ilimradi halijachelewa zaidi ya dakika 5. Msimamizi angeweza kumzuia dereva kwa dakika 3, tukapanda sote, na fomu bado ingesoma "kwa wakati". Redio alikuwa nayo. Treni aliiona inaingia. Alichokosa ni amri inayosema kwamba wale watu kwenye ngazi ni wake. Ndiyo maana kauli yake haikuwa ukali wa mtu mmoja aliyechoka. Alikuwa anaeleza kwa usahihi jinsi huduma ilivyogawanywa: treni ina hazina yake, basi lina hazina yake, na abiria anayebadilisha hayumo kwenye daftari la yeyote.

Mahali palipotatua hili palianza na daftari. Hamburg, Ujerumani, waliunda umoja wa usafiri mwaka 1965: tiketi moja na ratiba inayopangwa pamoja, hata kama wenye magari ni kampuni tofauti. Zürich wakafanya hivyo 1990, mwaka uleule walioanzisha treni zao za viunga. Upande wa pili kuna Atlanta, Marekani. Mamlaka yake ya usafiri, MARTA, ilikusudiwa kuhudumia kaunti tano. Cobb wakakataa 1965, Clayton na Gwinnett wakakataa kodi yake 1971, na treni zilipoanza 1979 zilibaki Fulton na DeKalb. Clayton walikuja kuwa na mabasi yao wenyewe, bajeti ikawashinda, mabasi yakasimama 2010. Kaunti nzima ikakaa bila basi la umma mpaka wapiga kura walipokubali kujiunga mwaka 2014 na mabasi ya MARTA yakaanza Machi 2015. Basi la kaunti linalosimama peke yake huwa hatarini kila bajeti inaposomwa.

Nauli nayo inaongeza chumvi kwenye kidonda. Kadi yetu inaruhusu kubadilisha bure ndani ya dakika 90, lakini saa inaanza kuhesabu ulipogusisha mara ya kwanza. Chukua abiria wa kawaida: dakika 20 za basi la mjini pamoja na kusubiri, dakika 50 za treni, jumla 70. Akilipata basi la 11:02, amelipa mara moja. Akiachwa, la 11:28 linamkuta akiwa na dakika 98, na mashine inamkata nauli upya. Yaani waliomfungia mlango ndio wanaomtoza kwa kuchelewa. Hapa narudi kwenye nyota moja, na mfumo ungekubali ningeandika sufuri. Marekebisho ni ya programu tu: dakika zihesabiwe kuanzia kadi inapogusishwa wakati wa kutoka stesheni ya treni, maana lango lile tayari linarekodi.

Kwa wanaolazimika kulitumia kabla mambo hayajarekebishwa: panda behewa linalosimama karibu na ngazi. Usijitese kuiwahi treni ya 11:00. Panda ya 11:20, maana walioachwa na basi la 11:02 mtawakuta kituoni na mtapanda nao la 11:28. Na kama safari yako inategemea basi la mwisho la usiku, usiliamini mpaka uone limeandikwa kwenye ratiba kwamba linasubiri treni ya mwisho. Kwa sasa halijaandikwa.