Mizuka, tochi na watoto wawili: uzoefu wangu na Luigi's Mansion 3

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga. Filamu ya kutisha naitazama katikati ya vidole, na mlango ukijibamiza kwa upepo mimi ndiye wa kwanza kuruka. Kwa hiyo sikukaa nikapanga kuwaingiza wanangu kwenye mambo ya mizuka. Waliyaleta wenyewe.

Mdogo ana miaka 5, kaka yake 8. Siku moja mdogo aliona video ya gemu fulani kwenye simu ya mtoto mwenzake: korido nyeusi, kimya, halafu ghafla kinyago chenye meno kikajaa skrini nzima. Sekunde chache tu. Wiki mbili zilizofuata hakwenda chooni peke yake. Cha ajabu, hakuacha kukiulizia. Kinakula nini? Kikilala kinafumba macho? Kina mama? Nikaona kumkataza sasa ni kuchelewa, maana picha imeshaingia kichwani na haitoki kwa amri. Nikaanza kutafuta gemu ya kutisha ambayo mtoto anaweza kuishinda.

Ndipo nikafika kwa Luigi's Mansion 3, gemu ya mashine ya Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 31 Oktoba 2019. Nilitazama alama za umri nikachanganyikiwa. Kule Ulaya gemu hii ina PEGI 7, yaani kuanzia miaka 7, alama ambayo pamoja na mengine huwekwa pale penye picha au sauti zinazoweza kuwatia hofu watoto wadogo. Marekani, ESRB, wanaopanga alama za umri huko, wameipa E, yaani ya kila mtu. Gemu ni ileile, lakini kwa alama moja mdogo wangu hajafika umri na kwa nyingine anaruhusiwa. Basi nikajipa kazi ya hakimu: usiku mbili, watoto wakiwa wamelala, nikacheza peke yangu sauti ikiwa chini. Kama kuna mzazi atakayechukua jambo moja tu hapa, achukue hilo. Dakika arobaini za kucheza mwenyewe zilinieleza mengi kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Luigi, pacha wa Mario, anaalikwa pamoja na wenzake kwenye hoteli ya kifahari. Usiku hoteli inageuka kuwa ya mizuka, Mario na wengine wanafungiwa ndani ya fremu za picha, na Luigi anabaki peke yake na tochi na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni. Lifti haina vitufe. Karibu kila ghorofa ina mzuka mkubwa, ukimshinda unapata kitufe cha kukupeleka ghorofa nyingine.

Sehemu ya kutisha kuliko karibu zote iko mwanzoni kabisa, na hilo sikulipenda kwa mtoto wa miaka 5. Luigi anashtuka usingizini kwa sauti ya mayowe, anatoka kwenye korido iliyobadilika rangi, anakutana na mwenye hoteli ambaye kumbe ni mzuka, na kisha Mfalme Boo, mkuu wa mizuka, anamfukuza. Hapo hana mashine. Kazi yake ni kukimbia tu. Niliipita sehemu hiyo usiku, nikaseva, na kesho yake nikawaanzishia watoto pale Luigi alipokwisha kupata mashine yake. Mkubwa alilalamika siku alipogundua. Nilimwonyesha baadaye, alipokuwa ameshafyonza mizuka wa kutosha, akasema, "Hii tu?"

Hapa ndipo nilipoielewa hofu ya mtoto vizuri zaidi. Mzuka yuleyule, sura ileile, ukimkuta huna tochi mtoto anajificha chini ya shuka. Ukimkuta na tochi anamkimbilia. Mfumo wa kupigana una mwendo ambao mtoto anaushika haraka: unamulika mzuka kwa mmweko wa tochi anapigwa na butwaa, unamvuta mkia kwa mashine huku yeye akivuta kwenda kwake, kisha unambamiza sakafuni, kulia na kushoto, mpaka anaishia ndani. Wanangu waliugeuza wimbo. "Mulika! Vuta! Bamiza!" Mdogo alikuwa akipiga goti sakafuni kwa kila bamizo. Mtu anayepiga goti namna hiyo hana nafasi ya kuogopa.

Tena mashine inafyonza karibu kila kitu. Mapazia, mashuka, karatasi za chooni. Pesa zinatoka kwenye kabati, kwenye taa, nyuma ya vioo. Kuna jioni moja tulikaa chumba kimoja dakika ishirini tukikusanya noti na sarafu, mzuka akitusubiri chumba cha pili. Mdogo alikataa kuondoka mpaka karatasi ya chooni iishe.

Lakini kilichomshinda kweli mwanangu, kwa maana nzuri, ni Luigi mwenyewe. Luigi ni mwoga. Anatembea amejikunja, magoti yanagongana, tochi inatetemeka mkononi, mlango ukilia anaruka. Hajifanyi. Na bado anaingia. Jioni ya pili mdogo alisogea karibu na skrini akamwambia kwa sauti ya chini, kama anavyoongea na mtoto wa chekechea aliyeachwa na mama yake mlangoni: "Twende Luigi. Sisi tupo." Kisha akanigeukia: "Mama, huyu anaogopa kukupita." Sikubisha.

Jambo la pili lililoiokoa gemu hii nyumbani kwetu ni Gooigi, nakala ya Luigi iliyotengenezwa kwa kitu kama jeli ya kijani. Hapatikani tangu mwanzo, inabidi ucheze kidogo kwanza, lakini akishakuja mtu wa pili anaweza kushika pedi (pedi za gemu, msinicheke) na kucheza naye. Anapita katikati ya nondo, anatembea juu ya miiba bila kudhurika. Akiguswa na maji anayeyuka, na hata hivyo si msiba, anarudi tena baada ya muda mfupi. Kwa mtoto mdogo hii ni nafasi ya dhahabu, maana akikosea hakuna aliyepoteza kitu. Mdogo alimchukua Gooigi siku ileile na hajamwachia. Akisikia chumba kinatisha anajiyeyusha kwa makusudi majini, anacheka, anatusubiri turudi. Nimeona watu wazima wasio na njia nzuri ya kukimbia kama hiyo.

Sasa lugha. Maneno ya gemu yanakuja kwa maandishi chini ya skrini, na hakuna Kiswahili. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kucheza hii peke yake akaelewa anatakiwa kufanya nini, na hata mkubwa wangu, anayesoma vizuri, alishindwa na Kiingereza cha gemu. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Yupo profesa mzee, E. Gadd, anayempigia Luigi simu kumpa maelekezo kila baada ya muda. Nikamfanya Babu, nikampa sauti ya kukwaruza na kikohozi. Babu akipiga simu watoto wananyamaza wote. Mara nyingine Babu wangu husema mambo ambayo hayamo kwenye maandishi: "Wajukuu, naona huko gizani mmechoka, nendeni mkapige mswaki." Mkubwa ananikata jicho, mdogo anatii.

Kuhusu sauti nisisitize, kwa sababu wazazi wengi tunaangalia picha tu. Nilijifunza hili kabla ya Luigi, kwenye Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga. Tulicheza kwa hali ya Amani, ambamo viumbe wabaya hawakushambulii, na bado mdogo aliingia pangoni akatoka mbio analia. Hakuna kilichomgusa. Ilikuwa ile sauti ya pangoni, mlio mmoja mrefu wa ghafla unaotokea gizani bila sababu yoyote inayoonekana. Tangu hapo rimoti ya TV huwa ninaishika mimi. Kwa Luigi, muziki ukianza kunong'ona nashusha sauti hatua mbili, na chumba kilekile kinakuwa katuni. Vipokea sauti vya masikioni kwa mtoto mdogo kwenye gemu ya namna hii, mimi hapana.

Haikuwa laini njia nzima. Yupo paka. Mnafanya kazi, mnatoka jasho, mnamshinda mpiga piano wa ukumbini, mnapata kitufe cha lifti, halafu paka mzuka anakiiba na kukimbia nacho. Kumnasa inabidi umwache akunyemelee nyuma, umgeukie kwa wakati, umulike. Usipowahi anabadilika kuwa jitu na kukurukia usoni. Ni sawasawa na kile kinyago cha kwenye video: kimya, halafu uso. Mdogo aliweka pedi chini taratibu, hakulia, akaenda kukaa nyuma ya kiti. Nilisimamisha gemu. Sikumwambia "si paka tu huyo", kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeruka. Niliuliza tu tumwite nani. Akafikiri kule nyuma ya kiti, akasema, "Mwizi." Zimwi likujualo, wanasema, na kweli likishakuwa na jina la dharau meno yanapungua. Siku tatu hatukucheza. Ya nne alirudi mwenyewe akataka kumtafuta Mwizi, kwa sharti kwamba kaka yake ndiye ageuke.

Mambo yanayoweza kukukera ni haya. Vitufe ni vingi kwa mikono midogo: kijiti kimoja cha kutembea, kingine cha kuelekeza tochi, cha kuvuta, cha kupuliza. Mkubwa alizoea kwa siku mbili tatu, mdogo mpaka leo anamulika dari. Na mizuka wakubwa wengine ni mafumbo kwelikweli, si wa kubamiza tu, kwa hiyo kuna jioni pedi zote mbili ziliishia kwa watu wakubwa na watoto wakawa watazamaji wenye ushauri mwingi. Ukitaka kitu cha kumpa mtoto akajichezee huku wewe unafanya shughuli zako, gemu hii haifai, tafuta ya mpira.

Kama mtoto wako hata giza la korido yenu bado linamshinda, ningeanzia kwa Plants vs. Zombies, ya mwaka 2009. Zombi wanatembea polepole mchana kweupe, mmoja amevaa ndoo kichwani, na wewe unapanda maua. Sisi tulipitia hapo pia, na nina hakika ndiyo iliyomfundisha mdogo kwamba kitu kibovu kinachokuja kinaweza kuchekesha.

Vipi usiku? Nilitegemea ndoto mbaya, nikajiandaa. Tulikuwa na kanuni moja tu, gemu inazimwa muda mrefu kabla ya kulala na katikati tunafanya jambo lingine kabisa. Ndoto ikaja mara moja, ya yule paka. Ila kuna usiku nilisikia miguu kwenye korido. Nikachungulia. Mdogo amesimama mlango wa choo na tochi ya kaka yake, akaimulika mle ndani, akasubiri, akamulika tena. Kisha akaingia. Akatoka, akanikuta nimesimama pale, hakushtuka. "Hamna kitu," akasema, kama fundi aliyemaliza kukagua nyaya, akaenda kulala.

Tuko ghorofa ya 12 sasa, ya maharamia, na tumekwama. Mkubwa ameanza kuomba ile gemu ya kinyago, kwamba wenzake wote wanacheza. Nimeicheza usiku mmoja, nusu saa, taa zote zikiwaka. Nikamwambia bado.

"Kwa nini? Mimi siogopi tena."

"Mle ndani hupewi tochi."

Akaniangalia, akaiangalia skrini. Simu ya Luigi ilikuwa inalia.

"Haya, soma. Babu anasemaje?"