Mkopo wenye masharti na msamaha wa madeni: kipi huifikia shule?

Serikali inapokopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), mara nyingi hutakiwa kupunguza nakisi ya bajeti, yaani kiasi ambacho matumizi yanazidi mapato, na kwa kuwa mishahara ya walimu ndiyo sehemu kubwa ya matumizi ya elimu, ukomo wa mishahara ya watumishi wa umma hutua darasani hata kama mkataba haukuitaja shule. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1973, ikairejesha katika miaka ya 1980 uchumi ulipodorora, na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na ada akarudishwa nyumbani. Ni haki kusema kwamba hazina ilikuwa imekauka kabla ya mkopeshaji kubisha hodi.

Msamaha wa madeni chini ya HIPC, mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa ulioanza mwaka 1996, hauleti fedha nyingi mpya. Huiachia hazina kile ambacho kingeenda kwa wadai. Uganda, iliyotangulia kunufaika mwaka 1998, ilielekeza nafuu hiyo kwenye mfuko maalumu uliogharamia, pamoja na mengine, elimu ya msingi. Tanzania nayo ilifuta ada tena mwaka 2001.

Kwa maoni yangu msamaha unaishinda njia ya kwanza, kwa sababu fedha yake hairudi kudaiwa. Hata hivyo, ada ilipoondoka wanafunzi walifurika, na msamaha peke yake haukuajiri walimu wa kuwatosha.