Bitwarden ya bure, programu ya kutunza nywila, kwenye steshenari yangu: miezi tisa sasa

Nina steshenari Mwanza, jirani na chuo. Tunatoa kopi, tunachapa ripoti na mitihani ya shule, na msimu wa mikopo ukifika tunajazia watu maombi ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mpaka saa nne usiku. Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, yenyewe haina msimu. Kwa miaka mingi nywila za wateja zilikaa kwenye daftari la kaunta, lile lile la madeni: jina, barua pepe, nywila. Mteja akisahau anarudi kuuliza, tunafungua ukurasa, tunamsomea kwa sauti. Tuliona ndiyo huduma nzuri.

Kilichonizindua ni simu ya mhasibu wa shule moja tunayoichapia mitihani. "Kaka, hivi mmebadilisha akaunti ya benki?" Hatukuwa tumebadilisha chochote. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe ya duka, akasoma ankara zetu, kisha akaiandikia shule kwa lugha yetu wenyewe kwamba malipo yaende namba nyingine. Nywila yangu ilikuwa jina la duka na 123, na ndiyo hiyo hiyo niliyoitumia Facebook na kila mahali. Mhasibu asingepiga simu, hela ya muhula mzima ingekwenda.

Mpwa wangu akanionyesha Bitwarden. Ipo tangu 2016, ni ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuukagua), na ile ya bure haikuwekei kikomo cha nywila wala cha vifaa. Nilidhani kuna mtego mbele ya safari. Miezi tisa sasa sijalipa hata shilingi.

Kazi yake ni kukutungia nywila ndefu zisizo na maana na kukutunzia, wewe ukumbuke moja tu ya kufungulia. Hiyo moja niliiunda kwa maneno matano ya Kiswahili yasiyohusiana. Angalia hapa: ukiisahau, Bitwarden wenyewe hawawezi kukurejeshea. Yangu nimeiandika kwenye karatasi, imelala nyumbani pamoja na hati ya kiwanja, na mke wangu anajua ilipo.

Ila kilichonifanya niipende ni siku iliponyamaza. Ulikuja ujumbe kwamba barua pepe yetu itafungwa tusipoihakiki. Dogo wa kaunta akabonyeza, ukurasa ukafunguka, rangi na nembo vile vile. Akaniita: "Bosi, leo mbona haijazi yenyewe?" Bitwarden iliyo ndani ya Chrome hupendekeza nywila pale tu anwani ya tovuti inapolingana na ile uliyoihifadhi. Nilipoitazama ile anwani vizuri, ilikuwa na herufi moja ya ziada. Mimi mwenyewe nisingeiona, na dogo ndiyo kabisa.

Sasa kasoro. Kushirikiana nywila kwenye mpango wa bure ni watu wawili tu, nami nina vijana watatu. Mipango ya biashara hutozwa kwa dola, kwa kila mtu, na mwezi ambao chuo kimefungwa dola hizo nazisikia mfukoni. Kwa hiyo tuko mimi na mmoja wao, dada wa mahesabu. Halafu nimeweka uthibitisho wa hatua mbili (ukishaweka nywila unadaiwa na tarakimu) kwa programu ya Google Authenticator, bure pia, na tarakimu zinatokea kwenye simu yangu. Siku moja niko njiani kwenda Geita, mtandao hakuna, tarakimu siwezi kuwatumia, mteja amekaa dukani anasubiri faili lake lililotumwa kwa barua pepe. Alisubiri mpaka akaondoka.

Tena haitatui nywila za wateja. Lile daftari nimelichoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sikutaka siku moja niulizwe kwa nini siri za nusu ya mtaa ziko kaunta. Siku hizi mteja anajiandikia kwenye kikaratasi anaondoka nacho. Mama mmoja alinuna kweli: "Si mlikuwa nayo nyie?" Kompyuta ya wateja nayo inafungua Chrome kwa hali ya mgeni, ukiifunga haibaki na nywila wala historia.

Kuhusu flashi za wanafunzi, zile zinazogeuza mafolda kuwa shotikati, Defender, kinga ya virusi iliyokuja na Windows, inatutosha. Tatizo letu la zamani ni kwamba tuliizima wenyewe ili tuweke programu za wizi, halafu tukalalamika virusi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya wale vijana wawili waliobaki nje: mimi na dada tukiwa hatupo, hadi leo hawawezi kufungua barua pepe ya duka.